Mama Abaki Garini

Wahenga waliosema mgonjwa haulizwi uji hawakuwahi kuuguzwa na Danielle. Asubuhi ile ya tarehe mosi Agosti, Philomène alilitazama bakuli lililowekwa mbele yake, uji mwepesi, mweupe, usio na sukari ya kutambulika, na hasira ikampanda kutoka kwenye mshono wa tumbo hadi kooni. Asubuhi uji, jioni uji, na katikati mchuzi wa kuku ambaye nyama yake ililiwa na watu wenye afya zao. Mwanamke aliyeuza vitenge sokoni miaka nenda miaka rudi, aliyewafokea mapolisi na wakatoa njia, leo anafungiwa kitambaa kifuani kama mtoto anayeota meno.

Ni kweli aliugua, hakuna anayebisha. Homa ya matumbo ilimwangusha mwezi wa tatu, ikatoboa utumbo, madaktari wakampasua, na padri akaitwa na mafuta yake. Alirudi nyumbani Shituru, mtaa wa kiwanda pale Likasi, mwezi wa sita amebaki mifupa na macho. Binti yake Danielle, anayeuza dawa katika famasi mjini, akahamia hapo pamoja na mtoto wake Tina ili amtunze, na hapo ndipo ugonjwa wa pili ulipoanza. Usishike fagio. Usikae kwenye baridi. Usicheke sana, mshono huo. Mume wake Barthélemy, aliyeendesha vichwa vya treni kiwandani hadi alipostaafu, na ambaye zamani sauti yake ilisikika mtaa wa pili, sasa alikuwa akinyata mbele ya binti aliyemzaa mwenyewe.

"Maman, weye utabakia," Danielle alisema, akifunga sufuria ya sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, kwa kitambaa. "Siye tutaenda asubui, tutasafisha kaburi ya kambo, kisha tutakuya kukubeba twende wote ku muto, kule Buluo."

"Nibakie? Minye?" Philomène alisukuma bakuli. "Danielle, ile kaburi ni ya mama yangu. Ni minye nilimuzika. Leo ni siku ya wazazi, na weye unaniambia nibakie na uji?"

"Docteur alisema usiiname, usibebe kintu, usivute vumbi."

"Docteur hajui mama yangu analala wapi."

"Mais maman, vraiment!"

Siku ya wazazi, kama kila mtu wa Kongo anavyojua, imegawanywa sehemu mbili. Asubuhi ni ya wazazi waliokufa: watu wanakwenda makaburini na majembe, mafagio, chokaa na mishumaa. Mchana ni wa wazazi walio hai: watu wanakula na kunywa, na mwenye baba anamshukuru baba yake. Philomène hakuwa na shida na mchana. Mchana ungekuja wenyewe. Asubuhi ndiyo aliyoitaka, na aliitaka kwa mikono yake.

Mama yake, Kapinga, alifia kwenye stesheni ya Likasi. Ilikuwa wakati ule watu wa asili ya Kasai walipoambiwa warudi kwao, hata wale ambao babu zao waliletwa na migodi na hayo makwao hawakuwahi kuyaona. Familia ililala stesheni wiki baada ya wiki ikingoja treni. Kapinga alikuwa mtu asiyeweza kusikia mtoto analia bila kumfunga mgongoni. Akawabeba watoto wagonjwa wa watu asiowajua mpaka ugonjwa wao ukawa wake. Treni ilipokuja ikawachukua baba na kaka. Philomène akabaki, kwa sababu alikuwa ameolewa na Barthélemy, mtu wa hapa hapa Katanga, na kwa sababu ilibidi mmoja abaki na mama.

Alimzika haraka, kama watu walivyozikwa siku zile. Akaweka msalaba wa mti. Ukaibiwa, ukageuka kuni. Akaweka wa chuma. Ukaenda kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Basi akaacha. Mwizi achukue kila kitu, lakini hataiba kilicho ndani ya kichwa chake, na humo ndimo kaburi lilimokaa tangu siku ile. Kila mwaka alitangulia peke yake alfajiri na jembe, akalia anavyotaka, akalima anavyotaka, na wengine walipofika na mishumaa walikuta kila kitu kimekwisha. Ndiyo maana alipokuwa amelala hospitali, kati ya homa na homa, jambo lililomtesa halikuwa kufa. Lilikuwa hili: nikifa mimi, mama atapotea.

"Hata wafungwa wa gereza ya Buluo wanakula bukari!" alifoka sasa, akiutamani ugali, kwa kuwa hasira ya kaburi na hasira ya uji zilikuwa zimeshachanganyika. "Wanatoka inje, wanaona jua!"

"Mama Danielle, tulia, mushono," alisema Barthélemy.

"Acha mushono yangu!"

Aliyeleta amani ni Tina, mwenye umri wa miaka tisa na busara ya mama mkwe. "Kambo akuye," alisema, kwa maana huko ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi. "Lakini abakie mu motoka. Ataona kupitia kioo, sawa televisheni."

Danielle akafikiri, akakubali. Philomène naye akakubali, huku akijisemea moyoni kwamba gari likifika, miguu ni yake.

Gari lilikuwa la Cédrick, mdogo wake Danielle, fundi wa kubandika vigae. Lilikuwa Toyota kuukuu alilolinunua Lubumbashi, na kitu alichojivunia zaidi ndani yake ni king'ora cha kuzuia wezi. Nyuma walipakia mbuzi aliyekwisha kukolezwa viungo, unga wa bukari, sombe, samaki wa tomsoni wa kukaanga, kreti ya soda, mkeka, na mbabula, jiko la makaa. Kulikuwa pia na kitu kirefu kilichofunikwa gunia, ambacho Cédrick alikipakia kwa uangalifu wa ajabu. Philomène alidhani ni makaa.

Walimfunga. Hakuna neno jingine. Sweta, koti la Barthélemy, blanketi miguuni, kitambaa kichwani, na barakoa puani kwa sababu ya vumbi la kiangazi. Alikaa katikati ya siti ya nyuma kama mzigo wa samaki unaopelekwa mbali. Lakini gari lilipotoka Shituru na kuanza kupanda kuelekea mjini, jamani, jua lile! Tangu mwezi wa tatu hakuwa ameuona mji. Jakaranda zilikuwa bado hazijatoa maua, barabara nyekundu, baridi ya asubuhi ikitoa moshi midomoni mwa watu. Familia nzima nzima zilitembea zikiwa na vitenge vya sare, wanaume wenye viatu vilivyong'aa na majembe begani, na baa moja ilishaanza kupiga muziki kama wafu nao wangependa kucheza. Philomène alishusha barakoa kidogo, akavuta hewa, akacheka peke yake.

"Maman, mask!" Danielle alisema kutoka mbele, bila hata kugeuka.

Hasira ikarudi mahali pake.

Makaburini palikuwa pamejaa kama soko la Jumamosi. Wauza mishumaa, wauza maji, wauza mandazi, vijana wenye majembe wakitangaza kazi: "Tunalima! Tunalima kaburi!" Cédrick aliegesha kando ya bomba la maji. Danielle akatoa amri kama sajini: Tina abebe mishumaa, Cédrick alete jembe na chokaa, papa abaki na maman.

"Danielle, nisikie kwanza," Philomène alisema. "Lazima niwaonyeshe fasi..."

"Tunajua, maman. Kila mwaka tunakuya. Nyuma ya kichuguu."

Wakafunga milango. Cédrick akabonyeza rimoti yake, gari likalia *pi-pip*, na wakaondoka. Lile gunia Cédrick alikuwa amelikumbatia kifuani. Kumbe si makaa.

Philomène akabandika uso kwenye kioo. Nyuma ya kichuguu, ni kweli. Kichuguu chake kilikuwa kirefu kuliko nyumba, na hicho ndicho wengine walichokuwa wakikifuata kila mwaka walipomkuta ameshalima. Akakitafuta. Akatafuta tena. Mahali pake palikuwa na shimo pana, na kando yake marundo ya udongo na vipande vya matofali mabichi. Watu wa matofali walikuwa wamekichimba! Udongo wa kichuguu ndio bora kwa matofali, kila mtu Likasi anajua, na mwaka huu walikuwa wamefika hadi hapa, hadi kwa wafu, wakakila chote.

Na watoto wake? Watoto wake walinyoosha njia moja kwa moja, kwa ujasiri wa mtu mjinga, kuelekea kichuguu kingine kabisa, kilichokuwa upande wa pili karibu na ua.

"Ee Mungu wangu. Baba Danielle! Wanapotea! Wanaenda kwa watu wengine!"

Barthélemy, aliyekuwa amehamia mbele akitafuta stesheni ya redio, aliinua macho. "Cédrick anajua."

"Cédrick anajua vigae! Fungua mulango."

"Danielle alisema..."

"Barthélemy!"

Katika ndoa yao yote alikuwa amemwita kwa jina hilo tupu mara chache sana, na kila mara kulikuwa na sababu. Mzee akajaribu mlango wake, taratibu. Haukufunguka. Philomène hakuwa na muda wa taratibu. Alivuta kipini chake kwa nguvu zote alizokunywa katika uji wa wiki nyingi, mlango ukaachia, na king'ora kikalipuka.

Lilikuwa balaa. Gari lilipiga kelele kama nguruwe anayechinjwa, taa zikiwaka na kuzima. Waliokuwa wakisali wakakwama katikati ya Salamu Maria. Mchungaji mmoja aliyekuwa akihubiri akafunga kitabu. Makaburi yote yakageuka kumtazama mwanamke aliyefungwa blanketi, barakoa shingoni, akijitoa kwenye gari mguu baada ya mguu. Aibu? Aibu ataijibu baadaye. Alijifunga blanketi kiunoni, akamshika Barthélemy mkono, akatembea.

Alitembea, lakini miguu haikuwa yake kama alivyodhani. Kila hatua mshono ulimvuta kama mtu anayemshika nguo nyuma. Alisimama, akahema, akatukana kimoyomoyo homa, matumbo, daktari na watu wa matofali, kisha akaendelea. Tina alimkimbilia katikati ya njia, macho yamemtoka.

"Kambo, tonton Cédrick anasema usiangalie kwanza! Iko surprise!"

"Surprise gani mu makaburi?"

Alipofika, mambo tayari yalikuwa yameharibika. Walikuwa wepesi, hao watoto, hilo aliwasifu. Kaburi lilikuwa limelimwa, limefagiliwa, limepakwa chokaa hadi likang'aa, na kichwani, ndani ya simenti mbichi, ulisimama msalaba. Cédrick alisimama kando yake amejaa simenti hadi viwiko, anatabasamu.

"Maman! Bonne fête!"

Ulikuwa msalaba wa zege uliobandikwa vipande vya vigae, vya bluu na vyeupe, kimoja kimoja, bila pengo. Katikati, kwa vipande vidogo vyeusi, jina: KAPINGA. Cédrick alikuwa ameutengeneza jioni kwa jioni wakati mama yake yuko hospitali. Ulikuwa mzito, hauuziki, hauchomeki. Ulikuwa kitu kizuri kuliko vyote ambavyo mtu amewahi kumfanyia mama yake, na ulikuwa umesimama juu ya kichwa cha mtu mwingine.

Philomène alifungua mdomo ili afoke. Machozi yakatangulia.

"Maman, unalia juu ya furaha," alisema Cédrick.

"Ninalia juu ya ujinga!" Sauti ikarudi. "Huyu si mama yangu! Simujui huyu! Mumepaka chokaa mutu simujui!"

Nyuma yao kulisikika kikohozi. Mzee mmoja mwenye kofia ya hudhurungi alikuwa amesimama na jembe, na wanawe wawili warefu nyuma yake. Baadaye walijua anaitwa papa Magloire. Kwa wakati huo alikuwa tu mtu anayesoma msalaba, herufi baada ya herufi, midomo ikimchezacheza.

"Nani," aliuliza polepole, "amegeuza baba yangu mwanamuke?"

Cédrick akaficha mikono yake yenye simenti mgongoni.

"Baba yangu alikuwa na ndevu mpaka hapa." Akaonyesha kifua. "Alikuwa na bibi wawili. Leo ninakuya kumusalimia, ninakuta iko Kapinga!"

"Papa, pardon, pardon sana," Danielle alianza. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita, Danielle hakuwa na amri ya kutoa. "Ni kosa. Kichuguu... tulifuata kichuguu..."

"Kichuguu! Munazika watu na vichuguu?"

Philomène akasogea mbele ya watoto wake. Wapumbavu ndiyo, lakini ni wapumbavu wake. "Papa, unisamehe minye," alisema. "Hawa hawakukosa. Kila mwaka minye njo nilikuwa ninatangulia, sikuwaonyeshaka njia. Mwaka huu niligonjwa, wakakuya peke yao. Baba yako, tumemuosha bure, tumemupaka chokaa. Musalaba tutaubeba sasa hivi."

Mzee alimtazama, blanketi, barakoa, mifupa. Akalitazama kaburi. Ukweli ni kwamba halikuwahi kuwa jeupe hivyo tangu lichimbwe, na wanawe walishaanza kuweka majembe chini kwa furaha ya watu waliopona kazi.

"Musalaba mutoe," alisema mwishowe. "Chokaa muache."

Cédrick akaung'oa msalaba kwenye simenti mbichi, akaubeba begani kama Simoni wa Kirene, na msafara ukageuka. Philomène mbele sasa, mkono kwa Barthélemy, na hakuna aliyesema lolote kuhusu vumbi. Alikuwa na hasira, lakini ilikuwa hasira tamu, ya mtu aliyekuwa na haki. Tunajua, maman! Kila mwaka tunakuya! Angewakumbusha hilo hadi Krismasi.

"Mutazame," alimwambia Tina. "Kichuguu kinachimbwa, miti inakatwa. Unatafuta reli. Unaona ile?" Alionyesha kaburi la fundi mmoja wa treni, ambalo wenzake walilisimamishia kipande cha reli ndani ya zege, kizito hata mwizi mwenye njaa hakiwezi. "Mama yangu ni jirani yake, upande wa bomba la kiwanda. Minye ninapiga magoti pale, reli iko ku mukono wa kushoto."

Wakafika kwenye reli. Philomène akageukia upande wa bomba refu la Shituru, linalotoa moshi hata sikukuu. Akatazama chini.

Palikuwa na kaburi.

Halikuwa la mama yake. Mahali ambapo kila mwaka palikuwa na udongo ulionyooka, usio na alama, palikuwa na tuta dogo, fupi, lililoota majani ya mvua za mwisho ambayo sasa yalikuwa yamekauka na kulala. Kichwani kulikuwa na msalaba wa mbao wenye jina moja lililoandikwa kwa rangi: SHALOM. Chini ya jina, mwezi wa nne. Mwaka wa kuzaliwa na wa kufa ulikuwa ni huu huu. Juu ya tuta kulikuwa na kikombe cha plastiki cha mtoto, chenye mipini miwili, kimefifia kwa jua.

Mwezi wa nne yeye alikuwa hospitali. Pasaka, ambayo huwa anakuja kung'oa majani ya mvua, ilimpita akiwa na mirija puani. Waliochimba walikuta mahali penye majani, hapana msalaba, hapana mtu. Wakaona pako wazi.

"Labda si hapa," Barthélemy alisema kwa sauti ndogo. "Mama Danielle, labda ni kando..."

"Ni hapa."

"Tuite mulinzi," alisema Danielle. "Tuite bakubwa ya makaburi. Hawana haki! Maman, hawana haki!"

Hawakuwa na haki. Philomène alijua, na mdomo wake ulikuwa umejaa. Alitaka kumlaani aliyechimba, na aliyeruhusu, na aliyeng'oa kichuguu. Alitaka kuilaani homa kwa jina lake. Miaka yote hiyo hakukosa hata mara moja, na mara moja tu alipokosa! Mara moja tu! Alipiga mguu chini kama mtoto, maumivu yakampasua tumbo, akajikunja, na Danielle akamdaka.

"Umechoka, maman. Nilisema."

"Sijachoka!"

Pande zote watu waliimba, walilima, waliwasha mishumaa. Tina alikuwa amechuchumaa, anakitazama kile kikombe bila kukigusa.

"Kambo," aliuliza, "juu ya nini huyu hakuna mutu amekuya kwake leo?"

Philomène akalitazama tuta, majani yake. Makaburi yote ya jirani yalikuwa yamefagiliwa. Hata fundi wa reli alikuwa na mshumaa.

"Leo ni siku ya wazazi," alisema. "Huyu si muzazi wa mutu. Ni mutoto."

Akalisikia neno lile likitoka kinywani mwake. Akaona stesheni. Akamwona mama yake kwenye baridi ya kiangazi, na mtoto wa mtu mgongoni, akienda na kurudi kando ya reli, akimtuliza. Kaka yake alimwambia: Mama, acha watoto wa watu, utaugua. Kapinga alijibu kwamba mtoto anayelia hana mwenyewe, ni wa aliye karibu.

Philomène alianza kucheka, na kucheka kukageuka kilio, na hakuna aliyethubutu kumwambia mshono. Akashika bega la Barthélemy, akashuka goti moja, akashuka la pili. Reli ilikuwa mkono wa kushoto.

"Aah, Mama," alisema. "Hata huku? Hata huku umebeba mutoto wa watu?"

Akashika majani, akavuta. Yaling'oka kidogo tu. Akavuta mengine. Danielle alikuwa amesimama juu yake, mikono imenyooshwa, tayari kumwinua, kisha mikono ikaanguka. Akakunja kitenge chake kipya cha sikukuu, akapiga magoti kando ya mama yake katika vumbi, akaanza kung'oa. Tina akafagia kuzunguka kikombe. Cédrick bado alikuwa na msalaba begani.

"Maman, tuuweke wapi? Ku kichwa iko tayari ya mutoto."

"Uache wake. Wetu weka ku miguu." Philomène alipangusa pua kwa ncha ya blanketi. "Mutoto atangulie. Mukubwa anamulinda nyuma."

Chokaa iliyobaki ilitosha tuta dogo, hasa likiwa dogo hivyo. Waliwasha mishumaa miwili. Barthélemy akaanzisha Baba Yetu kwa ile sauti yake ya zamani, ya mtaa wa pili, na walipomaliza, Danielle akauliza tena, safari hii kwa sauti ya binti na si ya famasi:

"Maman, umechoka?"

"Nimechoka," alisema Philomène. "Munibebe."

Huko Buluo, kando ya mto, walimlaza kwenye mkeka juani. Mbabula iliwaka, mbuzi akalia kwenye makaa, familia za jirani zikapiga muziki kila moja wake. Alisinzia, akaamka na harufu. Tina alikuwa kando yake, anachezea pindo la blanketi. Kwenye vidole vya mtoto bado kulikuwa na chokaa.

"Weye," Philomène alimwambia. "Mama yangu analala wapi?"

"Pembeni ya reli," Tina alijibu bila kufikiri. "Upande wa bomba la kiwanda. Reli iko ku mukono wa kushoto. Nyuma ya Shalom."

"Na huyo Shalom ni nani?"

Tina alimshangaa, kama mtu anayeulizwa jina la ndugu yake.

"Ni mutoto wetu, kambo."

Philomène aliyatazama maji. Kisha akakaa, akavua barakoa shingoni, akaitupa kwenye mkeka.

"Danielle," aliita. "Leta bukari. Na ule uji wako, mupe papa yako."